Njia ya Farasi wa Xenophon

Ndege inayokwenda Athens hutua Spata, kwenye uwanda wa mizabibu na mizeituni mashariki ya mji. Watu hushuka, huchukua mizigo yao, hupanda treni wakaenda zao. Mimi nilisimama kwanza nje ya mlango nikaitazama ardhi yenyewe, kwa sababu upande huo zamani palikuwa na kitongoji kiitwacho Erchia, na Erchia ndiko kwao Xenophon mwana wa Gryllus, aliyezaliwa karibu na mwaka 430 KK. Nilikuja kumfuata yeye. Xenophon mwanafunzi wa Socrates na Xenophon mwanahistoria wana wasomaji wao tele. Niliyemtaka ni yule aliyepanda farasi ujanani, akapanda vitani, kisha uzeeni akaandika kijitabu cha sura 12 juu ya namna ya kumfanya mnyama huyo akubali kazi bila kumvunja moyo.

Nina sababu yangu. Nimezaliwa Lamu, mahali ambapo punda ndiye gari. Babu yangu alikuwa na punda wawili wa kubeba mchanga na mawe ya kujengea. Mmoja, wa kijivu, siku moja alikataa kupita mbele ya mashua iliyopandishwa ufukweni na kufunikwa turubai la buluu. Kusi ilikuwa ikilipiga turubai lile, linajaa, linaanguka, linajaa tena kwa kishindo. Babu akamchapa. Akamchapa tena. Punda alipita, anatetemeka, macho yamemtoka. Kesho yake mashua ilikuwa imeshushwa majini, turubai halipo, ufuko mtupu. Punda alisimama hatua kumi kabla ya pale, akalaza masikio nyuma, na mwili ukaanza kumtetemeka kabla fimbo haijainuliwa.

Babu hakuwa katili. Alifanya kama alivyomwona baba yake akifanya, na lugha yetu ilimpa ushahidi: punda haendi bila ya kigongo. Aliyejaribu upole naye alikwisha kuambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke.

Miaka mingi baadaye nilimsoma Xenophon kwa mara ya kwanza, na katika sura ya sita nikamkuta yule punda wetu. Xenophon anaeleza kwamba farasi akikitilia shaka kitu, ukampiga ili akisogelee, atadhani maumivu yametoka kwenye kitu kile, na hofu itazidi. Anataka mtu akiguse mwenyewe kile kinachoogopwa, farasi akiona, kisha amsogeze taratibu. Nilifunga kitabu nikakaa kitako kwa muda. Neno hili liliandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na mwandishi wake alikuwa askari.

Mjini Athens nilianzia Agora, uwanja wa soko la kale. Pembe yake ya kaskazini-magharibi ilikuwa na nguzo za mawe zenye kichwa cha Hermes. Katika kitabu chake kingine, alichomwandikia jemadari wa wapanda farasi, Xenophon anashauri kwamba siku za sikukuu kikosi kizunguke soko zima kuwapa heshima miungu, kirudi kwenye nguzo hizo, kisha kila kabila kwa zamu lipige shoti hadi Eleusinion, hekalu la Demeter lililoko chini ya mlima wa Acropolis. Reli ya Piraeus siku hizi inakata upande wa kaskazini wa uwanja, kwa hiyo mwendo wangu ulianza karibu na vishindo vya treni. Njia ni fupi, inapanda, na jua la asubuhi linakupiga usoni. Athens ilipanga kikosi cha wapanda farasi 1,000, yaani 100 kwa kila kabila katika makabila yake 10. Nilijaribu kuwaza farasi 100 wakipanda mwinuko ule kwa shoti, vumbi, kelele za watu, na kila kijana juu akiwa hana kitu cha kukanyagia.

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Wagiriki wa wakati ule hawakuwa na vikuku vya kutilia miguu, wala tandiko gumu la kumshika mtu asiporomoke. Walikaa mgongoni patupu au juu ya kitambaa. Vikuku viliingia Ulaya pamoja na Waavari, karne ya 6 na ya 7 baada ya Kristo. Kabla ya hapo mpanda farasi mwenye mkuki mkononi alishikiliwa na mapaja yake na ridhaa ya mnyama. Farasi akichukia, mtu yuko chini. Watu wengi huuona upole kwa wanyama kuwa anasa ya siku hizi, ya watu walioshiba. Nilipokuwa napanda mwinuko ule niliona kinyume chake: upole huu ulizaliwa na haja ya vita, kwa mtu aliyejua kwamba maisha yake yanategemea moyo wa mnyama aliye chini yake.

Kule Eleusinion alisimama farasi wa shaba. Aliyemweka ni Simon, mjuzi wa farasi aliyemtangulia Xenophon, na chini yake alichonga picha za kazi zake. Shaba ile haipo leo. Xenophon anakianza kijitabu chake kwa kumtaja mtu huyu, anakiri kwamba ameandika kabla yake, na anasema watakapoafikiana hatayafuta maneno ya mwenzake, bali atayapeleka kwa rafiki zake kwa furaha zaidi, maana yatakuwa na shahidi. Napenda sana adabu hii. Maandishi ya Simon mwenyewe yamebaki kipande tu, lakini fikra yake kubwa imepona ndani ya kitabu cha Xenophon: kwamba farasi anayelazimishwa ni kama mcheza ngoma anayechezeshwa kwa mjeledi na mchokoo. Wote wawili watajongea. Hakuna aliyeelewa, na atazamaye hataona uzuri.

Ukikisoma kijitabu polepole, unaona kwamba kimeandikwa na mtu aliyeshinda zizini. Anaanza na kwato, kwa kuwa nyumba haina faida ikiwa msingi mbovu. Farasi wao hawakupigiliwa vyuma, basi anataka nje ya zizi zimwagwe shehena nne au tano za mikokoteni ya mawe ya mviringo, kila moja lisilofika nusu kilo, yazungushiwe ukingo wa chuma yasitawanyike. Farasi akisuguliwa mwili hapo, akipigapiga miguu kwa sababu ya inzi, kwato zinajikaza zenyewe. Anataka zizi liwe mahali ambapo mwenye nyumba atamwona farasi wake kila mara. Farasi akipelekwa kwa mwalimu, anataka masharti yaandikwe, kama mzazi anavyofanya anapompeleka mwanawe kwa fundi.

Lakini kabla ya mwalimu kuna nyumbani. Mwanafarasi awe amekwisha kuwapenda watu kabla hajapandwa. Na kuwapenda kunafundishwa hivi: akiwa peke yake ndipo aonje njaa, kiu na kero ya inzi, chakula, maji na nafuu vimfikie kwa mkono wa mtu. Apapaswe penye manyoya mengi, na pale ambapo hawezi kujikuna mwenyewe. Apitishwe kwenye umati, akutanishwe na sauti na sura za kila namna, na akishtuka aonyeshwe kwa utulivu kwamba hapana hatari. Akitenda unachotaka, apate mara moja kitu cha kumfurahisha, hata kama ni kupumzishwa tu. Na mtu asimkaribie akiwa na hasira, kwa kuwa hasira haioni mbele.

Kuna sehemu moja ninayoirudia kila mara. Wapanda farasi wa Athens walipenda farasi wao ainue shingo, akunje kichwa, arushe miguu kwa madaha kwenye maandamano, na wengi walitafuta hilo kwa kuvuta lijamu na kuchapa. Xenophon anawaambia watazame farasi aliyeachiwa huru anapotaka kuwapendeza majike. Hapo anainua shingo mwenyewe, anakunja kichwa mwenyewe, anapanda miguu juu na mkia pia. Basi mtu amwongoze kwenye lile ambalo farasi huyo hulifanya anapojiona bora, kisha amlegezee hatamu, naye atalifanya kwa furaha huku akionekana mwenye fahari. Mwalimu mzuri hakumtia farasi kitu kigeni. Alikiona kilichomo akakiomba.

Nisifiche upande wa pili. Kijitabu hichohicho kinamtaka kila mpanda farasi awe na lijamu mbili, moja laini na moja yenye meno makali kama miiba ya nungunungu. Ile kali imfundishe farasi kutoing'ang'ania. Ile laini ndiyo tuzo yake baadaye. Wapenzi wengi wa Xenophon hulipita jambo hili haraka. Na liko jingine ambalo sisi wa pwani hatuna haki ya kulipita kimya. Saisi, yule anayemsugua farasi alfajiri na kumpitisha sokoni, kwa kawaida alikuwa mtumwa. Xenophon anaeleza kwa uangalifu asimame wapi na amshike farasi vipi, yote kwa ajili ya farasi na bwana. Moyo wa saisi mwenyewe hauulizwi.

Neno hilo saisi nimelitumia kwa makusudi. Lilitufikia kutoka Kiarabu, pamoja na farasi, hatamu na lijamu. Mbung'o na ndorobo waliwaua farasi waliojaribu kuingizwa bara, lakini Unguja farasi walikuwapo, na Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa kasri la Mtoni walivyofundishwa kuwapanda. Kwa hiyo msamiati ninao tangu nyumbani. Nilichokikosa nyumbani ni habari ya ridhaa.

Kutoka Agora nilikwenda Kerameikos, penye lango kuu la zamani na makaburi. Mwaka 1965 wachimbaji walitoa kisimani hapo vibamba vya risasi zaidi ya 500, vyembamba, vimekunjwa au kusokotwa, na mwaka 1971 vingine vikapatikana kwenye kisima cha Agora. Ni daftari la wapanda farasi la karne ya 4 na ya 3 KK: jina la mwenye farasi, rangi ya farasi, chapa aliyopigwa, na bei yake. Bei ya juu ni drakma 1,200, wakati fundi mzuri mwishoni mwa karne ya 5 alilipwa kama drakma moja kwa siku. Miaka mitatu na zaidi ya kazi ya fundi, imeandikwa kwenye kibamba kinachoweza kufichwa kiganjani. Farasi mweusi. Farasi mwekundu. Majina yao hayakuandikwa.

Xenophon aliondoka Athens mwaka 401 KK kumfuata Cyrus, mwana wa mfalme wa Uajemi, aliyekuwa akipanga kumpindua kaka yake. Cyrus aliuawa karibu na Babeli, na askari wa kukodiwa wa Kigiriki wapatao 10,000 wakaachwa katikati ya nchi ya adui. Xenophon akawa mmoja wa viongozi wao katika safari ya kurudi. Siku moja aliwahimiza kwa sauti, yuko juu ya farasi, wakimbilie kilele kabla ya adui. Askari aitwaye Soteridas akalalamika kwamba wao wawili hawako sawa: mmoja amepanda, mwingine anajikokota na ngao. Xenophon akaruka chini, akamsukuma nje ya mstari, akachukua ngao yake na kupanda mlima nayo kwa miguu, deraya ya mpanda farasi ikiwa bado mwilini. Wenzake Soteridas ndio waliomrudisha mstarini, kwa matusi na makofi.

Halafu ikaja theluji ya Armenia. Walifika kwenye vijiji vya nyumba za chini ya ardhi, ambamo watu na mifugo walikaa pamoja na pombe ya shayiri ilinywewa kwa mirija. Palikuwa na wanafarasi waliofugwa kuwa kodi ya mfalme wa Uajemi. Farasi wa Xenophon alikuwa amechoka vibaya, naye akampa mzee wa kijiji amnenepeshe kwa ajili ya sadaka ya Jua, akachukua kijana mahali pake na kuwagawia makamanda wengine. Mzee yule akawafundisha jambo moja: kabla ya kuingia kwenye theluji, wafunge mifuko miguuni mwa farasi na wanyama wa mizigo, la sivyo watazama hadi tumboni. Nimejaribu kuliona tendo hilo kwa karibu. Farasi wa mlimani anainua mguu mmoja kwenye baridi kali, amkabidhi mgeni asiyejua lugha ya mahali pale. Mgeni ameinama, vidole vimekufa ganzi, anafunga kamba ya mfuko juu ya ukwato. Mnyama aliyezoea kuchapwa hatoi mguu hivyo. Nadhani mengi ya kijitabu yalianzia kwenye mifuko ile.

Armenia sikufika. Nilikwenda Peloponnese, hadi Krestena, karibu na Olympia, kwenye vilima vya Skillous. Athens ilikuwa imemfukuza Xenophon, na Sparta ikampa shamba hapa. Alijenga hekalu dogo la Artemis kwa mfano wa lile kubwa la Ephesus, akafuga farasi, na wanawe Gryllus na Diodorus waliwinda kwenye mabonde haya. Alikaa miaka ipatayo 20, mpaka Sparta iliposhindwa huko Leuctra mwaka 371 KK, naye akaondolewa, akahamia Korintho. Gryllus aliuawa mwaka 362 KK kwenye vita vya Mantinea, akipigana na kikosi cha wapanda farasi wa Athens. Kijitabu cha farasi kinawekwa na wataalamu kwenye miaka hiyo ya uzeeni. Amekiandika, anasema mwenyewe, kwa ajili ya rafiki zake vijana. Nilipoketi chini ya msonobari mmoja pale Skillous sikuweza kuzuia wazo la mzee anayeeleza kwa subira jinsi kijana anavyopaswa kupanda, kushuka bonde, kuruka mtaro, huku mwanawe mmoja akielekea vitani au akiwa amekwisha kuzikwa.

Baada ya Xenophon njia yake inapotea na kuonekana tena. Naples, mwaka 1550, Federico Grisone alichapisha kitabu kilichosomwa Ulaya nzima, na humo farasi mkaidi anatishwa kwa paka hai aliyefungwa kwenye mti mrefu. Antoine de Pluvinel, Mfaransa aliyesomea Naples, akarudi kwao na njia ya upole zaidi, akamfundisha mfalme kijana Louis XIII. Mafunzo hayo yalichapwa mwaka 1623, yeye akiwa ameshakufa. Mwaka 1733 François Robichon de La Guérinière akatoa kitabu ambacho shule ya kupanda farasi ya Vienna inakitegemea hadi leo. Ukumbi wa Vienna ulikamilika mwaka 1735, mweupe kama msikiti mpya, na farasi dume weupe wa ukoo wa Lipica wanafundishwa humo kwa miaka mingi kabla ya kuhesabiwa kuwa wamehitimu. Huko nako nilifika, na kati ya yote niliyoyaona Vienna, nililoondoka nalo ni mfuko. Koti refu la mpandaji lina mfuko mdogo umefichwa kwenye pindo la nyuma, wa kutilia sukari. Farasi anamaliza zoezi gumu, mkono unakwenda nyuma kimya, kiganja kinafunguka chini ya mdomo wake. Uso wa mtu haubadiliki. Masikio ya farasi ndiyo yanayosema.

Nilimalizia Lapseki, nchini Uturuki, mji mdogo ukingoni mwa mlango wa bahari wa Dardanelles. Zamani uliitwa Lampsacus. Xenophon alifika hapa mwaka 399 KK, mwaka uleule ambao Athens ilimnywesha sumu mwalimu wake Socrates. Alikuwa amewavusha maelfu ya watu kutoka Babeli, na mfukoni hakuwa na nauli. Mtabiri mmoja rafiki yake, Eucleides, alipomuuliza ana dhahabu kiasi gani, Xenophon aliapa kwamba hataweza kufika kwao asipouza farasi wake na vitu vyake vya mwilini. Farasi akauzwa kwa dariki 50 za dhahabu. Hapo mwanzo Cyrus alikuwa akiwalipa askari wake dariki moja kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, bei ile ilikuwa mshahara wa askari kwa miaka minne na miezi miwili.

Nilishuka ufukoni jioni. Feri ilikuwa ikivuka, na mbele yake lile daraja jipya la kwenda upande wa Ulaya, lililofunguliwa mwaka 2022, lilikuwa limewaka taa. Maji ya mlango huu yana mkondo wa nguvu, hayatulii. Nilijiuliza mtu anasemaje na farasi wake wakati mnunuzi anashika hatamu.

Xenophon haelezi. Anaandika tu kwamba kesho yake aliendelea na safari, na siku hiyohiyo wakaja Bion na Nausicleides wakileta fedha za kuwalipa askari. Wakawa wageni wake. Kumbe walikuwa wamesikia kwamba alimpenda sana farasi yule, wakahisi kwamba ameuzwa kwa shida. Walikuwa wamekwenda wakamnunua. Wakamkabidhi hatamu, na alipotaka kuwarudishia bei yake, wakakataa kuipokea.